Kitanzi Chenye Uzi Mwekundu

Kitendawili: ukimvuta ndipo anapozidi kukukumbatia. Wengine hunijibu mtoto wa mwisho, wengine mume mwenye wivu. Nyote mmekosa. Ni kitanzi cha kamba kilichosukwa na mtu anayeijua kazi. Hakina fundo. Unazifumua nyuzi za ncha, unazirudisha ndani ya mwili wa kamba, moja juu moja chini, na mashua ikivuta, zinabanana zaidi. Nimevisuka miaka kumi na tisa, mwanamke peke yangu kwenye gati la polisi wa majini. Kila kitanzi nilikivika uzi mwekundu shingoni, ili kikiharibika wajue wa kumlaumu.

Na kweli wakanilaumu.

Alhamisi ile mjukuu wangu wa kike, naye ni askari wa mashua za doria, alirudi kazini akaitupa kofia kitandani.

"Bibi, kesho usije kwenye ufunguzi."

"Nisije? Na nguo nimeshapiga pasi, mke mwenzangu?"

"Kwenye hicho chumba cha historia wameweka kamba yako. Ndani ya kioo, na kikaratasi cha kukulaumu. Tangu Jumatatu naitwa Kamba Mbovu. Leo hata mpishi kaniita hivyo. Na nahodha kanikataza kushika kamba za mashua, eti nisije nikawa nimerithi. Askari wa majini asiyeshika kamba ana kazi gani, Bibi? Watanirudisha kulinda geti."

"Kamba ipi?"

"Ya Mashua Namba Tatu."

Nikakaa chini. Miaka ishirini na saba nilikuwa nimeambiwa kamba hiyo iko chini ya maji.

Siku ya ajali, tishari, chombo cha mizigo kisicho na injini, lililojaa saruji liliponyoka likaelekea gati la mafuta. Mashua Namba Tatu ikalifunga kamba, ikalivuta mpaka likapita hatari. Ghafla kamba ikaachia, tishari likageuka, likaibana mashua kwenye nguzo na kuiponda kama kopo. Askari wanne waliogelea, wote wakapona, namshukuru Mungu. Mkuu wao tulimwita Kengele kwa ajili ya sauti yake. Huyo akaandika kwamba kitanzi kilifumuka. Kesho yake nikafukuzwa kazi.

"Nakuja," nikamwambia mjukuu wangu. "Tena mapema."

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya makasia, nilikitambua kwa harufu. Ukutani kulikuwa na picha ya mashua ya kwanza kabisa, ya makasia sita, askari wamechoka kuliko wezi wanaowafukuza. Ikafuata ya dizeli, iliyokohoa hivi kwamba watu wa magendo waliisikia nusu saa kabla ya kuiona. Halafu hizi za leo za injini mbili, zinazoruka juu ya maji kama zimechomwa sindano. Katika picha za zama zangu, kila kamba ina uzi mwekundu shingoni. Hakuna aliyewahi kuuliza ni wa nani.

Kengele alikuwa mgeni rasmi. Amestaafu, ana mkongojo, sauti ile ile. Alikuwa akiwasimulia wageni mbele ya kioo. Nikapenya. Nikatazama. Nikaangua kicheko, chumba kizima kikanigeukia.

Kitanzi changu kilikuwa kizima! Uzi umepauka tu. Kamba yenyewe iliishia hatua mbili mbele yake, nyuzi zote zimelingana kama mkate uliokatwa kwa kisu. Walikuwa wameitunza kabatini miaka yote hiyo, wakaipangusa vumbi, wakaiweka kwenye kioo, wasiitazame. Watu wa ofisini husoma karatasi. Kamba hawaisomi.

"Fungueni," nikasema.

Mkuu wa kituo, kijana wa heshima zake, akanijia. "Bibi yangu, hiyo ni historia, haiguswi."

"Mwanangu, historia hiyo nimeisuka kwa vidole hivi. Fungua, au niletee godoro nilale hapa."

Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya kioo. Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo mjukuu wangu akatoka kwenye mstari wa askari, kofia kichwani, akapiga saluti.

"Afande, naomba ufunguo."

"Unajua unachokifanya?"

"Najua, Afande. Na naomba iletwe ile kamba iliyokatika yenyewe gatini juzi."

Sijui ni saluti iliyomshinda au ni mimi na kiti changu. Kioo kikafunguliwa, kamba ya juzi ikaletwa. Ncha yake ilikuwa imetawanyika kama ufagio wa zamani, kila uzi na urefu wake. Nikaziweka mbili hizo sambamba. Hata mpishi aliona.

Nikamgeukia Kengele. Zamani gatini nilikuwa nikiwategea askari vitendawili wakingoja zamu.

"Kitendawili."

"Tega," akasema, bila kengele yoyote kooni.

"Baharini aliogelea, nchi kavu akazama."

Akatazama kisu, samahani, akatazama kamba. Mimi ndiye niliyekuwa nakiona kisu.

"Nakupa mji," akasema.

"Sitaki mji. Nataka hicho kikaratasi."

"Tishari lingetuburuta chini," akasema polepole. "Nilikata. Nilikuwa na watu watatu nyuma yangu."

"Kukata hukukosea. Ningekuwa mimi ningekata. Ulikosea baadaye, umeshakauka, umekaa kitini, umeshika kalamu."

Alinyoosha mkono mwenyewe, akakitoa kikaratasi, akanipa.

Mkuu wa kituo akakohoa. "Tutawaandikia makao makuu, Bibi. Wiki chache tu, watatuletea maandishi mapya."

"Uongo haukungoja makao makuu. Nipe kalamu."

Nikaandika nyuma ya kikaratasi hicho hicho, kwa herufi kubwa za darasa la nne: *Kamba hii ilikatwa kwa kisu ili watu wanne waokoke. Kitanzi kimeshika mpaka leo. Aliyekisuka ni mimi.* Wakataka kukipiga chapa kiwe safi. Nikakataa. Kibaki na mwandiko wangu, kimepinda kama kilivyo.

Mchana nahodha alisimama mlangoni akiangalia viatu vyake. Mashua ya doria ilikuwa ikirudi gatini.

"Haya," akamwambia mjukuu wangu. "Kaipokee kamba."

"Nani, Afande?"

"Wewe."

"Mimi nani?"

Akamwita kwa cheo chake. Ndipo binti akaenda.