Pete za Darubini

Tangu walipotoka nyumbani Kikwajuni, Bi Mayasa alitembea upande wa kulia wa mumewe, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Siku nyingi sasa alikuwa akimwona Mzee Msabah anavyotafuta kizingiti kwa ncha ya kiatu, anavyomimina chai pembeni ya kikombe kisha akalilaumu birika. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu. Yeye hakulisema, na mkewe hakumuuliza. Aliviondoa tu vigoda njiani, akanyamaza.

Lakini leo kunyamaza kulimwia vigumu.

Kunguru walikuwa wamejenga tundu kwenye mti wa mkungu uwani kwao, na tangu makinda yaanguliwe hapiti mtu chini yake kwa salama. Bi Mayasa mwenyewe alidonolewa utosini akianika nepi, damu ikamchuruzika hadi sikioni. Ijumaa binti yao Fathiya, aliyerudi kwao kujifungua, angemaliza arubaini yake, na kitoto Riyama kingetolewa nje kwa mara ya kwanza, kama walivyotolewa watoto wote wa nyumba ile.

"Mjukuu wangu hatoki chini ya kunguru," alisema Mzee Msabah, na ujanani kweli alikuwa na shabaha. Mwanawe Anuar, aliyeko Maskati, alishamletea bunduki mpya ya upepo, na kibali kilikuwa tayari. Zilizobaki ni pete za kushikia darubini juu yake, na risasi.

Ua wenyewe ni mdogo, na dirisha la Fathiya liko chini ya tawi lile lile lenye tundu. Kila Bi Mayasa alipofika kwenye dirisha hilo katika mawazo yake, alirudi nyuma.

Dukani Mlandege, Ubwa, muuza zana za kuwinda na kuvulia, aliwaona kabla hawajaingia. Aliondoa sahani yake ya chakula juu ya kiti pekee kilichokuwapo, akakipangusa.

"Shikamoo, Mzee Msabah. Shikamoo, Bi Mayasa. Kaa hapa, bibi, jua kali."

"Marahaba, mwanangu." Hata chakula chake hakukimaliza, aliwaza Bi Mayasa, na bado anatabasamu.

Mzee Msabah aliifungua bunduki kutoka kwenye kikoi, akailaza juu ya meza pamoja na darubini. Ubwa alimtolea pete jozi mbili.

"Hizi pana ni za bunduki kubwa, hazitang'ata hapa. Mifereji ya mgongo wa hii yako myembamba. Chukua hizi."

"Nipe fupi zake."

"Fupi hazifai, mzee. Darubini yako ina kioo kikubwa mbele, itagusa mtutu. Chukua ndefu kidogo, tena zenye kipini cha kuzuia zisiteleze. Bunduki za springi hizi zinapiga teke zikifyatuka. Ukipiga mara chache, darubini ishahama."

"Unanfundisha, yakhe? Nshaangusha kunguru mji huu wewe bado unatambaa!"

"Hata! Najikumbusha mwenyewe nsije nkasahau."

Mzee Msabah akacheka, akazikubali. Risasi alizichagua kwa vidole. Alichukua moja kutoka kila kopo, akaiviringisha baina ya kidole gumba na cha shahada. "Hii bapa. Hii ina ncha, inaonekana kali lakini inapotea njia. Nipe ya kichwa duara." Hakukosea hata moja. Bi Mayasa alitaka kufarijika, akashindwa, maana aliona wazi kuwa macho hayakutumika.

Ubwa alizifunga pete, akikaza skrubu moja moja kwa zamu. "Haya, itazame kabla sijamaliza. Haina risasi. Soma ubao wa lile duka ng'ambo."

Mzee Msabah aliiweka bunduki begani kulia, akabana jicho la kushoto.

"Kama nimeushika mkononi! Vitambaa vya Mkubwa na Wanawe."

Ubao huo haukuwapo tena. Mkubwa alishafunga biashara yake kabla ya Ramadhani. Ubao wa sasa ulikuwa wa manjano, SIMU NA CHAJI, na pembeni imechorwa simu ndefu kama mtu mzima.

Ubwa aliutazama ubao, kisha akamtazama Bi Mayasa. Bisibisi ilikuwa imesimama mkononi mwake.

"Mzee," akasema taratibu, "pete hizi naziona zina kasoro. Skrubu imeliwa. Niachie kila kitu, nkuagizie nyengine."

Skrubu zilikuwa mpya, zinang'aa. Bi Mayasa alijua kuwa mtu huyu anajiharibia sifa ya bidhaa zake ili mzee asiaibike, na moyo ukamjaa.

"Kasoro gani? Zimekaza! Ijumaa hiyo inakuja. Fungia risasi zangu twende."

"Mzee, ngoja basi..."

"Mmoja kanuna, mmoja anababaika. Mna nini leo?"

Bi Mayasa akainuka.

"Baba Fathiya."

"Naam."

"Iweke bega la kushoto."

"Sijapata kupiga kwa kushoto tangu nizaliwe."

"Sikukwambia upige. Nimekwambia utazame."

"Ala! Mke wangu leo mwalimu wa shabaha," alisema, lakini akaihamisha. Akatazama. Akaendelea kutazama. Kisha mtutu ukaanza kushuka kidogo kidogo mpaka ukagusa meza.

"Simu," akasoma kwa sauti ya chini. "Simu na chaji."

Ubwa aliwapa mgongo, akaanza kupanga ndoana zilizokwishapangwa.

"Umejua tangu lini, Mayasa?"

"Tangu ulipoanza kugombana na birika."

"Na hukusema."

"Wewe ulisema?"

Mkono wa Mzee Msabah ulipapasa ukingo wa meza, ukaushika kwa nguvu. "Ningepiga," akasema. "Wallahi ningepiga, na dirisha la mtoto najua lilipo."

"Lakini hukupiga."

"Kwa kushoto waona vizuri, mzee," alisema Ubwa bila kugeuka. "Ukijizoeza..."

"Nijizoeze juu ya kitoto? La. Ifunge uniwekee hapa na pete zake. Anuar akija ataichukua mwenyewe."

"Na kunguru?" aliuliza Bi Mayasa.

Mzee Msabah alivuta pumzi ndefu. "Riyama ntamtoa mimi. Ntamtia kifuani ndani ya joho, niiname. Anayetaka kudonoa adonoe hapa." Akajigonga kofia. "Kichwa hiki hakijapata kusikia la mtu, kitasikia mdomo wa kunguru?"

Mabega ya Ubwa yalianza kutikisika kwa kicheko. Bi Mayasa naye akacheka, huku akijifuta macho kwa upindo wa buibui.

"Basi mimi ntakwenda nyuma yako na ufagio," akasema.

"Chukua mrefu," alisema Mzee Msabah. "Na uangalie usinipige mimi."