Dari Mpya kwa Mgeni

Tembo ana wafadhili, simba ana wafadhili, hata kasa wa baharini ana watu wa kumlilia. Popo ana mawe. Binti wa seremala alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana mara mbili aliomba ufadhili wa shahada ya uzamivu ili awachunguze popo wanaokula wadudu, na mara mbili akajibiwa kwa adabu kwamba ana bidii sana, ila. Baada ya hiyo "ila" hakuona haja ya kuendelea kusoma.

"Daktari wa popo," mama yake alizoea kumtania, "na hata dawa ya kikohozi hutaweza kuniandikia!"

Baba hakutania. Alianza kumwita Dokta tangu siku ya maombi ya kwanza, na wateja wa karakana walipouliza anatibu hospitali gani, aliwajibu kwamba wagonjwa wake hulala kichwa chini miguu juu.

Mfuko aliouomba mara ya tatu ulikuwa wa wahifadhi wa nchi zisizo na uwezo peke yao, na haukuamini makaratasi tu. Ulituma mtaalamu aje aione kazi kwa macho yake. Na kazi yenyewe ilikuwa juu ya sebule ya wazazi. Seremala alikuwa amepiga dari za nyumba za watu mtaa mzima, lakini mganga hajigangi. Ya kwake ilikuwa maboksi na mbao zilizopinda, na juu yake popo walizaliana tangu Dokta akiwa mtoto. Hao ndio aliowafuatilia miaka yote. Bila wao hapakuwa na utafiti, na bila utafiti hapakuwa na ufadhili.

Asubuhi ya ugeni Dokta alifika kutoka mjini, alikokuwa akifundisha sekondari, akawakuta wazazi wamevaa kama wanakwenda harusini. Alipoingia sebuleni mkoba ulimponyoka. Juu kulikuwa na dari mpya, mbao zimepigwa randa zikawa laini, kona zimeshikana hata sisimizi asipate pa kupenya. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuziona mikononi mwa baba yake.

"Baba, popo wako wapi?"

"Wametoka salama," alisema seremala, uso umemchanua. "Si wewe uliyeniambia hutoka wakati wa magharibi kwenda kula? Jana nilingoja mpaka wa mwisho akaruka, ndipo nikaziba. Sijamgusa hata mmoja! Nimewaachia karakana wazi, wahamie kule. Mgeni atawaona hukohuko."

"Lakini kwa nini, baba?"

"Mgeni anakuja kukukagua wewe, mwanangu. Nilitaka aone umetoka kwenye nyumba ya watu. Siyo chini ya maboksi."

Dokta aliinama akaokota mkoba. Alimpenda baba yake kiasi kwamba hasira haikupata pa kukaa. Kisha wakasikia, juu ya zile mbao nzuri, vilio vyembamba.

"Mwezi huu wananyonyesha," alisema polepole. "Mama zao wakienda kula, watoto huwaacha ndani."

Mama akashika mdomo. "Kumbe! Ndiyo maana alfajiri walikuwa wakijipigapiga ukutani. Wamejazana chini ya mabati huko nje, hawataki kuondoka."

Seremala alitazama kazi yake, akamtazama binti yake. Mgeni alikuwa ameshapiga simu. Alikuwa njiani.

"Tuiache kwanza, baba," Dokta alisema, na ilimuuma kusema. "Mgeni akishaondoka tutafungua."

"Watoto watafika hapo wakiwa hai?"

"Wachache."

Seremala akavua koti la harusi. "Mama Dokta, nipe nyundo."

Mgeni aliwakuta hivyo: mzee juu ya ngazi, nusu ya dari iko chini, vumbi na mavi ya popo vimefunika viti, vitambaa na nywele za wenyeji. Alikuwa mama wa makamo, mkavu wa uso. Hakucheka. Dokta, huku ameshika ngazi, alimweleza yote bila kuficha, akiona ufadhili wa tatu nao unakwenda na maji. Alipokuwa akieleza, popo mmoja aliingia kwenye tundu, akafuatwa na mwingine, na vile vilio vikaanza kupungua kimoja kimoja.

Mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Halafu, badala ya kumuuliza Dokta, akainua uso.

"Mzee, wengi tunaowasomesha hawamalizi. Si kwamba hawana akili. Nyumbani huwaita. Leo mama anaumwa, kesho kuna shamba, keshokutwa kuna mchumba. Huyu akienda ni miaka, na ni mbali. Utamwita?"

Dokta aliinamisha kichwa. Huyu ndiye baba aliyempigia simu kila mvua iliponyesha, kuuliza kama amefunga madirisha.

Seremala alijifuta uso kwa mkono mchafu, akazidi kujipaka.

"Nitamkumbuka mpaka niugue," alisema. "Nikiugua nitatibiwa na madaktari wengine. Mimi nimebomoa dari yangu kwa ajili ya watoto wa popo, mama. Sembuse mtoto wangu?"

Mgeni akauweka mkoba wake kwenye kiti kilichojaa vumbi, bila kukipangusa kwanza.

"Barua itakuja kwa taratibu zake," alisema. "Lakini neno la mwisho ni langu, na kwangu limekwisha. Tunamchukua."

Mama alipiga kigelegele akasongwa na vumbi katikati. Dokta alicheka, akainua macho amwone baba yake. Seremala alikuwa ameketi juu ya ngazi, nyundo mapajani, analia wazi kama mtoto, na hakuna aliyemwambia anyamaze.