Shibe ya Karani

Husemwa kwamba Mpare akikukaribisha chakula, ujue sufuria imeshaoshwa. Mimi ni Mpare wa mlimani, binti wa kijiji cha Mamba kabisa, na maneno hayo yamenifuata tangu nilipoteremka tambarare kuolewa. Tena niliteremka na maneno mengine mgongoni. Kaka yangu Gideoni aliposikia kwamba nimempenda Benedikto, Muha wa Kigoma aliyekuja kukata mkonge, alisema nitakufa njaa. Kwa hiyo nilikuwa na watu wa pande mbili wa kuwafunga midomo: ndugu zangu waliosema sitashiba, na majirani waliosema sitamshibisha mtu. Wewe ungefanya nini? Mimi nilinenepesha kasuku.

Kasuku mwenyewe hakuwa wangu. Alikuwa wa mama mkwe, ambaye sikujaliwa kumwona. Mwaka ule tulipoacha mkonge na kuhamia kijiji cha ujamaa, huku upande wa Kisiwani, chini ya mlima, Benedikto alikwenda kwao kumzika mama yake, akarudi na tenga moja tu la urithi. Ndani mlikuwa na ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu, amenuna kwa safari ya treni na basi. Kesho yake kulipopambazuka ndege huyo alisalimia kwa Kiha, kwa sauti ya mwanamke mzee, na mume wangu aliyezoea kuchomwa na mkonge bila kulalamika alikaa chini akajifunika uso. Ilikuwa sauti ya mama yake vilevile.

Tulimwita Karani, kwa ajili ya koti lake la kijivu, na kwa sababu hakukawia kujifunza majina ya majirani na kuwaita mmoja mmoja asubuhi, kama karani wa mkonge anavyoita vibarua. Kwangu alijifunza neno moja kubwa zaidi: "Karibu chakula." Alilisema kwa sauti yangu, kutoka barazani, kwa kila aliyepita.

Basi nikawa na jina. Kijiji chetu kilikuwa cha watu wa kila pembe, na wote walicheka kwamba nyumba ya Mpare ndiyo yenye mwenye kukaribisha wageni hata mama akiwa shambani. Waliotoka shamba la ujamaa walipita na karanga mkononi, na alizeti, na vipande vya ndizi, wakampa Karani. Mimi nilimwongezea makande yenye mafuta. Hata Saada jirani yangu, Msambaa wa Lushoto na mtani wangu, ambaye hakuwahi kuniachia jambo lipite bila kunichokoza, alikiri mbele ya watu kwamba kasuku wa Rogathe, ndiye mimi, ameshiba kuliko mwenyekiti wa kijiji. Nilijivuna, kwa nini nifiche? Kila alipoongezeka unene nilihisi nimeongezeka mimi.

Gideoni alipotutembelea mara ya kwanza nilimkalisha mbele ya ndege makusudi. "Shikamoo kaka," nikamwambia, na kabla hajaitika vizuri, Karani akasema, "Karibu chakula." Gideoni akacheka. Akamtazama Karani juu ya kijiti chake, mviringo kama boga, akasema, "Dada, kumbe umeolewa penye shibe."

Neno hilo nililingoja tangu harusi. Sikulifaidi. Karani alijinyanyua apande kijiti cha juu, miguu ikakosa nguvu, akaanguka sakafuni kwa kishindo, akabaki amelala pale akihema kwa mdomo wazi. Benedikto alimwinua kwa mikono miwili, akamweka kifuani. Nilimtazama usoni nikaogopa. Mtu yule alikuwa amemzika mama mara moja. Ndege akifa atamzika mara ya pili, na safari hii muuaji ni mimi na makande yangu.

Bwana mifugo, Asheri, alikuwa anakuja kutoka Same siku za josho. Nilipanga foleni na ndege wangu kati ya ng'ombe. Asheri alicheka kwanza, kisha akambonyeza Karani kifuani, akaacha kucheka.

"Mama, mimi nimesomea ng'ombe na mbuzi," alisema. "Lakini ndege yeyote ana mfupa hapa, na huyu siuoni. Umefunikwa na mafuta. Ukiendelea hivi, hafiki masika."

"Sasa nimpe nini?"

"Mpe majani, matunda, nafaka kidogo. Karanga na alizeti moja moja, kama dawa. Na asikae tu."

Benedikto alisema tulipokuwa tunarudi, "Kwetu kasuku huamka akaruka vilima na vilima mpaka afike penye michikichi. Akifika anakula, na njaa anayo kweli. Huyu wetu anafika wapi?"

Siku ileile nikapiga marufuku. Mtu asimpe Karani kitu. Lo, kijiji kilifurahi. Saada alisimama uani kwangu, mikono kiunoni, akisikiwa na nusu ya kijiji. "Nilijua tu. Upare hautoki kwa sabuni. Sasa mtani wangu anamnyima hata ndege."

Ningeweza kuvumilia tusi, lakini si hilo. Naye Karani alizidi kuniaibisha barazani: "Karibu chakula, karibu chakula," na kikombe chake kina mchicha mtupu. Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Usiku nililala na hasira, na asubuhi nikaamka nayo bado ina moto, ikanifaa.

"Ninyi si ndio mnaoimba kila Jumamosi shambani kwamba asiyefanya kazi na asile?" niliwauliza wanawake tulipokuwa tunapalilia. "Karani naye ni mwanakijiji. Kuanzia leo anafanya kazi. Na wewe Saada, njoo umsimamie, maana kunisimamia mimi umeshindwa."

Nikazifunga punje chache ndani ya maganda ya mahindi, mafundo ya kweli, nikayatundika juu ya mlingoti alioutengeneza Benedikto kwa mti wenye matawi. Mchicha niliufunga juu kabisa. Papai niliweka upande wa pili wa uani, atembee. Siku ya kwanza Karani alikaa chini ya mlingoti akaita majina ya kijiji kizima, la Saada mara nyingi kuliko yote, na hakuna aliyemjibu. Nilijitia kazi jikoni nisimtazame. Jioni, njaa ilipomzidi, alianza kupanda, mdomo na mguu, mdomo na mguu, akipumzika kila tawi. Alipolipasua ganda la kwanza Saada ndiye aliyepiga kigelegele. Tangu hapo watu wakitoka shamba waliuliza, "Karani kafanya kazi leo?"

Kazi alifanya, lakini hakupungua. Nikambonyeza kila siku, mfupa hakuna. Nikajua kuna mkono unaomlisha kwa siri. Nikamshuku Saada, na tukagombana, akaapa kwa jina la mama yake. Basi nikaamka kabla ya alfajiri nikajibanza nyuma ya mlango.

Mwanga ulipoanza, Karani alisalimia kwa Kiha, kwa ile sauti ya mzee. Na Benedikto akatokea gizani na karanga kiganjani, akampa moja baada ya nyingine, akimnong'oneza.

Nilitoka na maneno yamejaa mdomoni. Lakini yeye aliniwahi.

"Mama Priska," alisema, akiniita kwa jina la mtoto wetu, "kwetu huwezi kumwendea mama mzazi asubuhi mkono mtupu. Ananiita kwa sauti ile. Nitamjibu na nini?"

Nilimhurumia. Lakini mimi ni mtu wa kusema. "Baba Priska, yeye amekusalimu. Salamu hujibiwa kwa salamu. Mama yako angekuwa hapa, angetaka karanga, au angetaka kukusikia?"

 Akazirudisha karanga mfukoni, akaitika kwa Kiha. Karani akaminya jicho, akasema tena. Akaitika tena. Waliendelea hivyo mpaka jua likachomoza, na mimi niliwaacha nikaenda kuwasha moto.

Tulipovuna alizeti ya kijiji, Gideoni alikuja mara ya pili. Alitukuta shambani, watu wote, na Karani juu ya mlingoti wake tuliouleta awe nasi. Sijui nini kilimshtua, labda turubai lililokung'utwa. Akafungua mabawa. Hatukuwahi kuyaona yakifanya kazi. Akapaa juu ya vichwa vyetu, juu ya mabua, akaelekea mlimani, kijivu mbinguni na mkia mwekundu nyuma yake. Mapanga yalisimama. Saada alilia jina lake. Mimi nilisema moyoni, nimemponya ili nimpoteze.

Benedikto hakukimbia. Aliinua mkono mtupu, akasalimia kwa Kiha, si kwa sauti kubwa.

Karani alizunguka mara moja juu ya mkonge wa zamani uliobaki mpakani mwa shamba, akarudi. Alitua kwenye mkono ule usio na hata punje, akasogea mpaka begani, akaitika.

 Gideoni ndiye aliyekuja karibu, akamtazama ndege juu chini, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kaka.

"Amekonda, dada," alisema. "Hapa kuna njaa?"

Nikafuta machozi kwa khanga, mbele ya majirani zangu wote.

"Amekonda, kaka," nikasema. "Mimi ndiye niliyemkondesha."