Mikono Juu ya Nguzo

Wiki nzima nagombania aya moja, na miguu imenivimba kama maandazi. Kazi yangu ni kuandika maelezo ya Kiarabu yanayobandikwa chini ya picha za maonyesho kwenye makumbusho. Safari hii ni picha ya ukuta wa kanisa moja huko Ravenna, Italia: kasri la mfalme, limetengenezwa kwa vijiwe vya rangi, karne ya sita. Kati ya nguzo yananing'inia mapazia. Ukitazama vizuri, juu ya nguzo kuna mikono. Wenye mikono hawapo.

Mwenye kasri alikuwa mfalme wa Wagothi, mtu wa madhehebu ya Kikristo yaliyoshika kwamba Mwana halingani na Baba. Baada yake mji ukaingia mikononi mwa walioamini kuwa wanalingana. Wakazibandua picha za watu wake ukutani, wakaweka mapazia. Mikono iliyovuka hadi kwenye nguzo wakaiacha. Wamesahau au wamechoka, sijui. Kama wamechoka, nawaelewa.

Azzam, mkuu wetu, umri wa kitinda mimba wangu, aliikata aya hiyo mara tatu. Alitaka niandike "mapazia ya mapambo" tu. Watu, alisema, hawaleti watoto wao kusoma ugomvi wa madhehebu. Nikamwambia basi tuazime mapazia ya mama yake, nyumbani kwao Al Hail, yana maua mazuri zaidi. Akacheka, akakata tena.

Alhamisi, siku ya mwisho ya kupeleka kwa mchapaji, niliingia ofisini kwake nikakaa bila kukaribishwa. Nilitaka kitu kimoja: iandikwe kuwa watu walikuwepo.

"Azzam, mwanangu, ile picha ya harusi ya bibi yako, ya Unguja, uliyonionyesha. Begani kwake pana mkono. Wa nani?"

Aliweka kalamu mezani. "Wa kaka yake. Baada ya mapinduzi alibaki na wale waliopindua. Bibi alimkata kwa mkasi mwenyewe."

"Mkono akauacha."

"Angeukata, angekata na bega lake, Bi Mahfoudha."

"Mie nna picha kama hiyo nyumbani. Nikiulizwa, niseme ni mapambo?"

Akachukua kalamu. Mambo ya Baba na Mwana aliyafuta yote. Akabakisha: watu waliokuwepo hapa waliondolewa na watawala waliofuata, kwa sababu za utawala na imani, ila mikono yao ilibaki.

Aliniuliza kama nimeridhika. Nikamwambia nimechoka, asinitafutie kazi nyingine. Karatasi nikaipeleka mwenyewe kwa mchapaji, kwa miguu ile ile, kabla Azzam hajaghairi.