Neno la Shekinah

"Bough!" aliita Mwalimu Mathe.

"Présent!"

"Trough!"

"Présente!"

"Furlough!"

"Présent, Mwalimu!"

"Chough!"

Hapakuwa na jibu. Mwalimu alingoja, kama alivyongoja kila siku tangu Novemba, na wanafunzi wakanyamaza pamoja naye. Nje ya dirisha lisilo na kioo alikuwa amesimama Mama Agar, beseni la karoti kichwani. Alipolisikia neno hilo likiitwa alifumba macho kidogo, kisha akaenda zake sokoni.

Hilo lilikuwa neno la binti yake, Shekinah.

Kule kijijini karibu na Oicha, Mathe alikuwa amefundisha Kiingereza miaka kumi na mmoja akiwa na kitabu kimoja tu: kamusi kuukuu iliyopoteza jalada. Humo alivua maneno ya ajabu ajabu, yote yakiwa yamebeba herufi zile zile nne, o-u-g-h, na kila mwanafunzi akapewa lake. Huyu alikuwa tawi la mti, yule hori la kunyweshea ng'ombe, mwingine ruhusa ya askari ya kurudi nyumbani, na Shekinah ndege wa jamii ya kunguru. Darasani hakuita majina, aliita maneno hayo. Kwenye ubao yalifanana kama watoto wa mama mmoja, lakini mdomoni kila moja lilishika njia yake, na darasa zima lilikuwa likivunjika mbavu. Faida yake? Hakuna mnunuzi wa kakao aliyewahi kumuuliza mtu habari za hori kwa Kiingereza. Watoto waliyapenda tu, na Mathe aliwapenda kwa kuyapenda.

Kisha waasi wakaichoma shule, na kamusi ikaungua humo. Waliosalimika walikimbilia mji wa Butembo, ambako shule moja iliwaazima chumba saa za mchana. Shekinah hakuwa miongoni mwao. Siku mbili kabla ya moto alikuwa ameshika njia ya mashamba ya kakao kurudi nyumbani, na hadi leo hajaonekana, mzima wala maiti.

Jioni ile préfet Phinées, mkuu wa shule, alimwita Mathe kando. Kulikuwa na msichana mpya, Gracieuse, aliyetoka Kasugho, na hakuwa na neno.

"Mupatie ile ya Shekinah," alisema Phinées. "Miezi ine sasa, Mwalimu. Neno inalala bure."

"Ningempa ingine, mais kamusi iliungua."

"Donc mupatie ile."

Mathe alisema atamuuliza mama mtu kwanza. Kumpa mwingine neno lile kulikuwa kumzika Shekinah bila mwili, na hilo hakuliweza peke yake. Isitoshe, alikuwa na jambo jingine alilomficha mama huyo miezi hiyo yote.

Alimkuta Agar sokoni akifunga karoti mafungu mafungu kwa nyuzi za mgomba. Kabla hajafungua kinywa, mama akamwahi.

"Aksanti, Mwalimu. Kila siku unamuita. Ku kanisa bameshaacha kumutaja. Mi nikisikia unamuita, najua bado iko mutu anamungojea."

Mathe alijisikia vibaya mno. Alichuchumaa mbele ya beseni ili asiongee akiwa juu yake.

"Mama Shekinah, unakumbuka mustari?"

Nani angeusahau? Tangu njia iharibike kwa waasi, watoto walitoka shuleni pamoja, mstari mmoja, wakubwa mbele na nyuma. Hakuna aliyeruhusiwa kubaki, hata kwa kufunga kamba ya kiatu. Mathe mwenyewe ndiye aliyeiweka sheria hiyo.

"Ile siku, batoto balitoka," alisema. "Shekinah alirudi, aliniuliza ile ndege yake iko na rangi gani. Kitabu haikukuwa na picha. Mama, hakuna mutoto aliwahi kuniuliza vile. Nilifurahi. Nilifungua kamusi, nilimusomea, nilimufasiria polepole. Dakika kumi. Mustari ilikuwa imeshaenda. Nilimwambia: kimbia, utabafikia."

Uzi ulibaki umening'inia mkononi mwa Agar. Karibu nao mwanamke mmoja alikuwa akigombania bei ya vitunguu na kucheka.

"Ni mi nilimubakisha," alisema Mathe, na machozi yakamtoka mbele ya soko zima.

Agar aliuzungusha uzi kidoleni.

"Na ilikuwa na rangi gani?"

"Nyeusi. Mais mudomo na miguu, nyekundu."

"Ulimwambia vile?"

"Nilimwambia. Alicheka. Alisema iko kama mutu mwenye kuvaa soksi za mwingine."

Agar alifunga fungu lile, akaliweka juu ya mengine. Hakumtazama tena. Mathe alingoja, kisha akaondoka. Habari ya Gracieuse hakuigusa.

Kesho yake, alipofika kwenye neno la Shekinah, dirishani hapakuwa na mtu. Aliliita hivyo hivyo. Alingoja zaidi ya kawaida, hata watoto wakaanza kutazamana. Gracieuse alipoitwa, aliitwa kwa jina lake.

Mjini watoto hutawanyika kengele ikilia, kila mmoja na njia yake. Siku hiyo Mathe aliwazuia mlangoni, akawapanga mstari mmoja, wakubwa mbele na nyuma, na yeye mwenyewe akawa wa mwisho. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kwenye njia panda, chini ya shule, Agar alikuwa amesimama na beseni lake. Mstari ulipompita, midomo yake ilikuwa ikihesabu watoto, mmoja mmoja, mpaka Mwalimu alipomfikia.

"Bote bametoka?"

Mathe aligeuka kutazama alikotoka.

"Bote, Mama."

Agar alitua beseni chini, wala hakuondoka. Aliendelea kuitazama barabara nyuma ya mgongo wa Mwalimu, kule juu, ambako vumbi la miguu ya watoto lilikuwa bado halijatulia. Mathe naye akaweka mfuko wake wa chaki kando ya karoti, akasimama hapo kungoja pamoja naye.