Siku ya Nane ya Dadi

"Jembe la serikali, karanga zangu!" Moza alipiga kelele kutoka barazani, mwiko wa uji ungali mkononi. "Lishushe hapo, Kornelio, leo ndiyo utanijua mimi binti wa nani!"

Kornelio hakulishusha. Alisimama mguu mmoja ndani ya mtaro wa barabara, mwingine kwenye tuta la kwanza la karanga, jembe begani.

"Sijakata hata jani, Bi Moza. Napima tu."

"Unapima shamba la mtu bila hodi?"

"Hatua tatu upana. Kutoka hapa mpaka kwenye kidaraja. Basi."

"Hatua tatu za hiyo miguu yako mirefu ni matuta sita! Nimeyahesabu kabla yako. Na karanga zenyewe ndiyo kwanza zinatoa maua."

Watu wa barazani walicheka. Kwa Moza baraza halikosi watu, na siku ya mvua ndiyo hufurika: uji wa moto, barabara mbele ya macho, na kila gari linalosimamishwa pale lina habari zake. Asubuhi hiyo walikuwapo wa Rutamba pale pale, na wengine walioteremka kutoka Rondo tangu alfajiri, matope mpaka magotini, kwa jambo moja tu. Dadi alikuwa anamaliza siku ya nane.

Dadi huyu ndiye yule mchukuzi wa samaki wakavu, anayewaleta kwa baiskeli kutoka Lindi mpaka huku vilimani. Kule mjini kulikuwa na Mzungu wa shamba la katani aliyekwenda kwa baiskeli Lindi mpaka Milola na kurudi, siku saba mfululizo, na wenzake wakaliandika jina lake kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa klabu. Chini ya jina wakaandika kwamba hakuna mtu mwingine awezaye. Anayefagia klabu alikuwa anajua kusoma. Akamwambia Dadi.

"Saba?" Dadi alisema. "Mimi nitakwenda nane. Na samaki nitabeba."

Basi kila siku alikwenda, na kila siku karani wa baraza la Milola alimgongea muhuri kwenye karatasi. Watu ambao hawajawahi kumiliki hata spoku moja walijua mpira wake wa nyuma una viraka vingapi. Valentini fundi cherehani alimshonea mto wa kukalia. Wanawake walibishana kama apewe uji mzito au mwepesi. Mihuri saba ilikwishapatikana. Ulibaki mmoja, na usiku mvua ikanyesha kama iliyotumwa.

Mvua ikinyesha, barabara hufungwa pale bondeni, na anayefunga ni Kornelio. Miaka kumi na moja ndiyo kazi yake: kujaza mashimo, kuzibua mitaro, na kushusha gogo juu ya nguzo mbili, mnyororo na kufuli, ili malori yasichimbe tope. Ufunguo huuvaa shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria. Baiskeli hazikuwahi kuzuiwa. Mtu huinama, huipitisha chini ya gogo, husalimia, huenda zake.

Lakini leo alfajiri Bwana Barabara, Mzungu msimamizi wa barabara, alipita mwenyewe na gari lake, akienda kukagua daraja la mbele. Alipovuka akamtolea Kornelio kichwa dirishani.

"Funga. Hapana gurudumu kupita mpaka kidaraja. Baiskeli pia. Wewe ruhusu, wewe hapana kazi, hapana nyumba."

Kila mtu alijua Bwana Barabara na yule wa katani hucheza karata meza moja.

"Nasema tumbebe!" Valentini alisimama, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Yeye na baiskeli yake na samaki wake, juu kwa juu. Gurudumu halikugusa barabara, kosa liko wapi?"

"Abebwe?" Moza alimgeukia. Alikuwa hajamalizana na Kornelio, lakini hili lilimchoma zaidi. "Wanaobebwa ni wao, Valentini, kwa machila, na miavuli juu. Dadi akibebwa hatua moja, kesho wataandika kwamba hakufika."

"Ndiyo maana napima," Kornelio alisema. "Barabara ni ya serikali. Shamba lako si la serikali. Akitoka hapa, akapita kwako, akapandia kule kwenye kidaraja, ataikuta barabara ya mchanga, na ile haifungwi. Magurudumu yake yatakuwa chini muda wote."

"Ahaa. Mfalme yuko Ulaya, baiskeli iko Rutamba, na wa kulipa ni karanga za Moza."

"Ndiyo."

"Kumshangilia namshangilia, usiniseme vibaya. Sauti imenikauka kwa ajili ya huyo Dadi. Lakini karanga ni karanga." Akamtazama vizuri. "Na wewe? Bwana akirudi akaikuta hiyo njia yako?"

"Ataikuta."

"Na kibarua?"

Kornelio aliuhamisha mpini kutoka bega moja hadi jingine. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Hata kanisani aliimba kwa midomo tu.

"Miaka kumi na moja nalainisha njia, Bi Moza. Gari likija najitupa mtaroni. Wanapita. Hata mmoja hajaniuliza umeamkaje." Akatema mate pembeni. "Nataka nitengeneze moja ninayoijua ni ya nani."

Uji ulikuwa unatokota.

"Scholastica," Moza alimwambia msichana wake, "shika mwiko, usiache ushike chini." Akashuka, akafunga kanga kiunoni, akainama kwenye tuta la kwanza. Aling'oa shina moja, akalikung'uta udongo, akalitupa kando. "Nang'oa mimi. Asije mtu akasema karanga zangu zilikatwa na jembe la serikali. Haya, mnaangalia nini? Shukeni!"

Wakashuka. Kazi ya kung'oa ni kazi ya mikono mingi, na mikono ilikuwapo. Nyuma yao Kornelio alikuja na jembe, akivunja matuta, akisawazisha. Njia akaiinua katikati kidogo, kama mgongo wa samaki, maji yamwagike pembeni. Kila hatua kumi akachimba kijifereji. Alipima kwa kisigino kitupu: kikizama, bado. Palipozama sana akaagiza vigae vya vyungu, makumbi ya nazi, udongo wa ukuta wa nyumba iliyoanguka. Kokoto za serikali zilikuwa zimerundikwa palepale kando ya gogo. Hakugusa hata moja.

"Kornelio, hii si njia, hii ni kitanda cha bibi harusi," mtu wa Rondo alisema.

"Kanyaga hapo ulipo, acha maneno," alijibu.

Saa nne, kengele ikasikika mteremkoni.

Dadi alikuja amekonda kama kijiti cha mshikaki, magoti yanang'aa mafuta ya nazi, kikapu cha samaki nyuma, macho yako mbele tu. Na wakati uleule, upande wa pili, gari la Bwana Barabara likanguruma likivuka bonde, likaja kusimama pua kwa gogo. Honi ikalia.

"Fungua!"

Kornelio alimwonyesha Dadi kwa mkono: kushoto, shuka taratibu, usiguse breki. Kisha akaenda kusimama mbele ya gogo.

"Barabara imefungwa, bwana."

"Mimi nasema fungua. Upesi!"

"Bwana ulisema hapana gurudumu. Yako manne. Na la tano umelifunga nyuma."

Barazani mtu alijitahidi asicheke, akashindwa, akakohoa. Bwana Barabara alifungua mlango, akakanyaga tope, ndipo alipoiona baiskeli ikiteremka kati ya karanga. Alipaza sauti kwa Kiingereza. Hakuna aliyegeuka. Watu walikuwa wamejipanga pande mbili za ile njia, kimya, hata wenye watoto mgongoni hawakutikisika, kwa sababu pale katikati, penye vigae, gurudumu la nyuma liliteleza. Kikapu kikainama. Dadi akayumba, mguu ukatoka kwenye pedali, ukaning'inia juu ya udongo kiasi cha kidole kimoja.

Haukugusa.

Njia ilishika. Dadi akapanda kwenye kidaraja, akagonga kengele mara moja, akaenda. Ndipo kelele zilipopasuka, vigelegele na matusi na jina la Mwenyezi Mungu, vyote pamoja.

"Ufunguo," Bwana Barabara alisema. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Jembe. Kofia. Wewe leo toka nyumba ya serikali."

Kornelio alivua ufunguo, medali akaiacha shingoni. Akampa mkononi, kwa adabu. "Gogo ni zito upande wa kulia, bwana. Anzia kushoto."

Bwana Barabara alilinyanyua peke yake. Watu wazima arobaini walisimama kumtazama, na hakuna aliyetoa mkono nje ya kanga.

Gari lilipokwisha kuondoka, Kornelio aliingia kwenye kibanda cha bati cha serikali alimokuwa akiishi, akatoa mkeka, sufuria, blanketi, na sanduku la mbao. Miaka kumi na moja ikawa safari mbili za mikono. Akaviweka nje, kisha akaazima kwa Moza jembe lake la nyumbani, fupi, mpini umelainishwa na viganja vya mwanamke. Dadi alikuwa hajarudi, na pale penye vigae palihitaji kushindiliwa tena.

Alishindilia mpaka alasiri. Waislamu walipokuwa wamekwisha kuswali, kengele ikasikika upande wa Milola. Dadi alipita safari hii ameuma karatasi kwa meno, wino wa muhuri wa nane haujakauka vizuri. Hakuyumba. Alipofika kwa Kornelio aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani, akapandia barabarani, akashika mlima wa kwenda Lindi. Wingu jingine jeusi lilikuwa linajikusanya huko anakokwenda, na wenye mbio kati ya mashabiki walimfuata wakipiga makofi, mpaka mlima ukawakata pumzi.

Kornelio alibaki peke yake njiani. Akafuta jembe kwa jani, akalileta barazani, akaliegemeza ukutani taratibu. Akainama kuchukua mkeka wake.

"Unakwenda wapi na huo mkeka?" Moza aliuliza kutoka ndani.

"Milola. Nina dada yangu, Rosa."

"Milola ya leo au ya kesho? Mvua hiyo hapo." Akatokea mlangoni na bakuli la maji ya kunawa, taulo begani. Nyuma yake chumba kilikuwa kimejaa, ugali wa muhogo ukifuka moshi katikati, na watu wakisukumana na kuzozana nani alimwona Dadi vizuri zaidi. "Sogeeni, jamani. Valentini, kunja miguu. Kornelio, weka mkeka, nawa mikono, uingie ule."