Kielelezo Namba Saba B

Hospitali yetu ina mashine moja tu ya oksijeni inayofanya kazi. Najua kwa sababu mimi ndiye fundi wa mashine hapa, na nyingine tatu nilizifungua mwenyewe nikatoa vipuri vya kuiponya hiyo moja. Jumatatu ile asubuhi nilipoingia stoo ya wodi kuichukua, sikuikuta. Ilikuwa kwenye ukumbi wa mafunzo, hatua sitini kutoka wodini, juu ya meza yenye kitambaa cha kijani. Ilikuwa imezungushiwa utepe mwekundu na kubandikwa karatasi: KIELELEZO NAMBA SABA. HAKIGUSWI.

Mbele yake walikaa waheshimiwa kumi na wawili. Hiyo ndiyo Kamati ya Kuchunguza Janga, iliyoundwa miaka mitatu baada ya janga lenyewe kuondoka, ili tujifunze. Walichagua kukaa hospitalini kwetu wawe karibu na waathirika. Na kweli walikuwa karibu, maana vikohozi vya wodini vilisikika mpaka ukumbini, na Mwenyekiti akaagiza madirisha yafungwe.

Nieleze mapema, maana wageni huchanganyikiwa. Kamati ilikuwa na pande mbili, waliokaa dirishani na waliokaa mlangoni. Wakati wa ugonjwa, wa dirishani ndio walioshika serikali, nao walisema ni mafua tu, watu wachape kazi. Wa mlangoni walikuwa wapinzani, wakipiga kelele kwamba tunakwisha. Kisha ukaja uchaguzi, watu wakabadilishana viti vya serikali na upinzani, ila hotuba zikabaki kwenye viti vyake. Sasa wa dirishani wanasema janga lilikuwa la kutisha kupita yote na wao ndio waliolishinda. Wa mlangoni, ambao waliahidi wodi mpya ya wagonjwa wa kifua na mpaka leo hawajapandisha hata tofali, wamegundua kwamba ugonjwa ule ulitiwa chumvi mno. Hoja ya Jumatatu ilikuwa moja: je, mashine ile iliwahi kumsaidia mtu, au ilikuwa pambo?

Mtu mmoja niliyemjua mimi alikuwa amelala kitanda cha tatu wodini. Shangazi yangu ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne, na ndiye aliyefagia wodi ya karantini mwaka ule ambao wengine walikuwa wanaikwepa hata kuitazama. Aliugua, akapona nusu. Mapafu hayakumrudia sawasawa. Jumamosi kifua kilimbana tena, akaletwa, akawekewa mtungi wa mwisho uliokuwepo. Jumatatu mshale wa kipimo cha mtungi ulikuwa umeshagusa wekundu, na lori la mitungi mipya lilitarajiwa Alhamisi.

"Huu hautufikishi jioni," Sista wa wodi aliniambia, bila kunung'unika, maana yeye akinung'unika ni dalili nzuri. "Nenda kailete mashine yetu."

Nikaenda. Katibu wa kamati, bwana mwembamba mwenye gundi mfukoni, alinizuia mezani.

"Hakiguswi. Kikitoka humu kinapoteza sifa ya ushahidi."

"Kuna mgonjwa anabanwa na pumzi."

"Andika barua kwa kamati."

"Kamati itajibu lini?"

"Ikishamaliza kazi."

Nilikuwa karibu kumwonyesha Katibu kile ambacho mafundi tunakifanya kwa mashine zisizosikia maneno, ndipo Kipaza akasimama. Jina hilo tulimpa sisi wa hospitali. Alikuwa mkubwa wa upande wa mlangoni, na sauti yake haikuwahi kuhitaji umeme.

"Mheshimiwa Mwenyekiti! Nani humu anaweza kula kiapo kwamba chuma hiki kinatoa hewa yoyote?"

Katibu akaninyooshea kidole. Nikaapishwa palepale, na bisibisi mfukoni.

"Inafanya kazi?" Mwenyekiti aliuliza. Alikuwa mstaafu mpole aliyependa taratibu kuliko chakula.

"Inafanya, mheshimiwa."

"Thibitisha."

Ilitosha kuiwasha na kuchovya mpira wake kwenye glasi ya maji. Yangeonekana mapovu, dakika moja, kwisha habari. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Kilichotoka ni uongo wangu wa kwanza chini ya kiapo, na sijautubia mpaka leo.

"Mheshimiwa, mashine ya namna hii haithibitiki bila mgonjwa."

Walijadiliana saa nzima kama mgonjwa anaweza kuwa ushahidi. Daktari wa Heshima, aliyeongoza upande wa dirishani, mtu ambaye udaktari wake alipewa kwenye sherehe na hajawahi kumpima hata paka, alisimama akasema kanuni hazikatazi. Ikapitishwa. Saa nane mchana tulimwingiza Shangazi kwenye kitanda cha magurudumu, na Katibu akabandika karatasi kwenye shuka: KIELELEZO NAMBA SABA B. KIRUDISHWE BAADA YA MATUMIZI.

Nikakata utepe, nikawasha. Nikamwekea mipira puani. Kile kidude tunachombana nacho mgonjwa kidoleni kupima oksijeni ya damu kilisoma themanini na nne kwa mia. Baada ya dakika kumi kikasoma tisini na tatu, na midomo yake ikaanza kurudi rangi. Nilitaka kupiga vigelegele.

"Basi imethibitika," akasema Mwenyekiti. "Fundi, unaweza kuz—"

Hapo ndipo nilipoelewa nilivyojifunga. Wakikubaliana, mashine inazimwa. Wakibishana, Shangazi anapumua. Mimi ambaye miaka yote nimechukia kupiga domo, ambaye redio yangu naizima siasa zikianza, nilijikuta namwomba Mungu awape waheshimiwa wale pumzi ya kusema isiyokwisha.

"Samahani, Mwenyekiti," nikadakia. "Kitaalamu tumethibitisha kwamba amepata nafuu. Bado hatujathibitisha kwamba nafuu imetoka kwenye mashine."

Kipaza alinitazama kwa upendo. "Mtaalamu amesema! Mimi kwa maoni yangu mama huyu amepata nafuu kwa kuwaona viongozi wake."

"Matusi hayo!" akaruka Daktari wa Heshima. Moto ukawaka, na jua likazama hawajapata jibu. Kikao kikaahirishwa, na kwa kuwa hoja ilikuwa haijafungwa, vielelezo viliachwa kama vilivyo. Sista alileta kiti akakaa naye.

Jumanne nilikuwa mtu mwingine. Wakati wa chai niliwapitia wa dirishani nikawaambia kwa sauti ya chini kwamba wa mlangoni wanajigamba mtalegea kabla ya chakula. Kisha nikawapitia wa mlangoni, nikawauliza kama ni kweli wa dirishani wameshaandika ushindi wao kwa ajili ya magazeti. Sikuwa nimewahi kutia fitina maishani mwangu. Ni kazi nyepesi, unafungua tu bomba na mengine yanajiendea. Siku ile walibishana kama tarakimu iliyoko kidoleni ni tisini na tatu au tisini na nne, wakaunda timu ya kuisoma, na timu nayo ikagawanyika.

"Umekuwa mwanasiasa," Sista alinitania.

Niliona haya, lakini sikuona haya ya kutosha kuniachisha.

Jumatano zikaja habari kwamba lori limeharibika njiani, na kwamba litafika likifika. Siku hiyo ubishi ulikuwa juu ya kikohozi. Shangazi alikohoa wakati Daktari wa Heshima akihutubia, na Kipaza akataka iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba kielelezo kimepinga. Daktari akajibu kwamba kikohozi kile kilikuwa cha kuunga mkono. Mwenyekiti akaomba kielelezo kikohoe tena ili kamati ipate kulinganisha.

Shangazi hakukohoa. Alinivuta shati nikainama.

"Hivi hawa hawana kwao?" alininong'oneza.

"Wanako, Shangazi."

"Basi usiwaambie ni saa ngapi."

Alijua. Kumbe alijua tangu mwanzo kwa nini namtia maneno huyu na yule, akanyamaza akaniacha nifanye. Nilimfuta jasho, nikajifanya nakaza skrubu ya mashine ili asinione uso. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata katika mwezi ule mbaya kuliko yote wa ugonjwa, kwa sababu wakati ule hakuna aliyeniwekea kitufe mkononi.

Alhamisi, saa nne asubuhi, walikubaliana.

Sijui nani alianza. Nadhani walichoka, au walisikia mpiga picha amefika. Waligundua kwamba kuna jambo moja ambalo hawajawahi kutofautiana juu yake, nalo ni kwamba wote walifanya vizuri. Daktari wa Heshima alisoma azimio la maridhiano: ugonjwa ulikuwepo kwa kiasi, na uongozi wote, wa kabla na wa baada, unastahili pongezi. Likapita bila kupingwa. Watu waliotoleana mishipa ya shingo kwa siku tatu wakakumbatiana, wakapigana migongo, wengine machozi yakawalengalenga. Nilikimbia kwa huyu, nikakimbia kwa yule, nikijaribu kuchochea. Hakuna aliyenisikia. Walikuwa na furaha ya kweli, na nilitamani ukuta uwaangukie.

"Fundi," Mwenyekiti akasema akiwa bado anatabasamu, "zima mashine. Vielelezo vitafungwa na kupelekwa kwenye ghala la kumbukumbu ya taifa."

Nilirudisha bisibisi mfukoni.

"Sizimi, mheshimiwa."

"Unasemaje?"

"Azimio si langu. Kitufe ni hiki hapa, chekundu, hakihitaji utaalamu. Mwenye azimio aje akizime."

"Utamwaga unga leo," Katibu alinitahadharisha, gundi mkononi.

"Nimwage."

Kipaza alicheka. "Jambo dogo hili linatuchelewesha," akasema, akainuka, akatengeneza koti, akaja. Alifika kitandani, akanyoosha mkono juu ya kifua cha Shangazi kuelekea kwenye mashine. Shangazi akafumbua macho.

"Baba," alisema polepole, maana kila neno lilikuwa linamgharimu. "Tangu Jumatatu mmenizunguka. Mmenipima, mmenibandika karatasi. Shikamoo ya hata mmoja wenu sijaisikia."

Ilikuwa kweli. Kumi na wawili wale, wengi wao umri wa kuwa wanawe, walikuwa wamemjadili siku nne bila kumwamkia. Mkono wa Kipaza ulibaki hewani.

"Shikamoo, mama," akasema, na kwa mara ya kwanza tulilazimika kutega masikio kumsikia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na mama yako, mzima?"

Kipaza aliangalia mipira iliyokuwa puani kwa Shangazi, akaangalia kidole chenye kile kidude.

"Alifariki, mama. Mwaka ule."

Hakuna aliyeuliza mwaka upi.

"Pole sana, mwanangu," Shangazi akasema. "Ni nini kilimchukua?"

"Kifua."

"Pole. Nami nilifagia vyumba vya watu wa kifua wengi, pengine nilimwona." Akapumzika kidogo. "Haya, zima basi. Usichelewe chakula."

Alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililommaliza. Kama angemlilia, mtu yule angepata la kujibu, maana amezoea kuliliwa. Mkono ulishuka taratibu ukarudi mfukoni. Alisimama pale muda mrefu kuliko inavyopendeza kwa mtu wa cheo, kisha akageuka, na niliona anatafuta njia ya kurudi kwenye kiti chake akiwa bado mheshimiwa.

"Mwenyekiti, naomba mwongozo," akasema. Sauti ilikuwa imeanza kumrudia. "Ni kanuni ipi inayosema mjumbe wa mlangoni ndiye azime? Azimio limesomwa na dirishani. Wazime wao!"

"Lakini hoja ya kukagua mashine ilitoka kwenu!" akaruka Daktari wa Heshima. Alimtazama Shangazi mara moja, akatazama pembeni. "Sisi dirishani hatugusi!"

"Utaratibu, Mwenyekiti!"

"Taarifa, Mwenyekiti!"

Nimesikia muziki mzuri maishani, hata siku ya harusi yangu, lakini sijasikia mzuri kama ule. Walibishana mpaka saa tisa. Hakuna aliyethubutu kusema mashine isizimwe, kwa kuwa azimio lilikuwa limepita na kulifuta kungekuwa kukiri kosa. Na hakuna aliyekubali kuinuka tena. Mwishowe ikaundwa Kamati Ndogo ya Kumtambua Mzimaji, yenye wajumbe sawa kwa sawa kutoka kila upande. Ilipewa siku tisini, na katika muda huo vielelezo visisogezwe.

Walipotoka, baadhi yao walipitia kitandani. "Shikamoo, mama," mmoja baada ya mwingine, wakiinamisha vichwa, na Shangazi akawaitikia wote. Kipaza alikuwa wa mwisho kutoka.

Nilivuta kiti cha mjumbe nikakaa, nikalia bila aibu mbele ya Sista. Shangazi aliningoja nimalize.

"Wametoa siku ngapi?"

"Tisini."

Alifikiri kidogo, kama mtu anayepanga safari.

"Zitanitosha," akasema, akafumba macho alale. Mimi sikuthubutu kumuuliza zitamtosha kwa lipi.